Mheshimiwa Waziri, Naomba Niandikishwe Kuwa Mbwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Afya House,
Nairobi.

Nakala: Wakuu wa idara za afya, kaunti za Kitui na Makueni, na daktari yeyote wa mifugo atakayeisoma kabla yao.

KUH: OMBI LA KUHAMISHWA KUTOKA JAMII YA BINADAMU

Mheshimiwa,

Natumai barua hii inakukuta u mzima, na vidole vyako vinafunga vifungo vya shati bila kuitiwa mtu. Vyangu vimechukua asubuhi mbili kuiandika, kwa sababu huanza kazi saa nne, vikishaota jua kama mjusi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nyanya wa wajukuu watano, mkazi wa Kitui Kusini, na mgonjwa wa kile ambacho Kiswahili hukiita baridi yabisi. Jina hilo hunichekesha. Baridi Kitui hatuna. Yabisi tunayo tele, tangu mtoni hadi kwenye mifuko yetu.

Ombi langu ni moja. Naomba nifutwe katika daftari la wananchi, niandikishwe kuwa mbwa.

Usikasirike. Sikufika hapa kwa hasira, nilifika kwa kulinganisha karatasi. Nina mbwa anayeitwa Simba, mwenye rangi ya udongo na woga wa radi. Simba ana cheti. Ilitangazwa barazani kwa chifu kwamba kila mwenye mbwa amlete sokoni akachanjwe kichaa, nami nikamfunga kamba tukaenda. Kijana mmoja mwenye ovaroli akamdunga, akajaza cheti kwa mwandiko ambao ningeupa alama nzuri, akaniita kwa jina la nyanya wa Kikamba: "Susu, mwakani umrudishe."

Baadaye nikagundua kwamba cheti kile kina ukoo mkubwa. Serikali ina mkakati wa kutokomeza kichaa cha mbwa, ulioanza 2014 na unaokwenda hadi 2030, na Kitui na Makueni, pamoja na jirani yetu Machakos, zilikuwa kati ya kaunti zilizoteuliwa kuanza. Mkakati una lengo: asilimia 70 ya mbwa wachanjwe, mwaka baada ya mwaka. Niliposoma namba hiyo nilivua miwani. Mbwa wa Ukambani ana asilimia yake! Ana hata mwaka wa kufikia. Mahali fulani yupo mtumishi wa umma ambaye akileta 40 ataulizwa zile 30 amezipeleka wapi. Nami nikaifungua ratiba ya taifa ya chanjo kutafuta asilimia yangu. Nilimwona mtoto mchanga. Nilimwona msichana wa miaka kumi. Nilimwona mama mjamzito na pepopunda yake. Mtu mzima aliyevimba viungo sikumwona, hata kwa maandishi madogo ya chini.

Nikajiambia, mbwa ana haki, maana huyu anang'ata na serikali hupenda kumsikiliza anayeng'ata. Nikageukia mbuzi. Mwishoni mwa 2024 Rais alitangaza kwamba ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50 watachanjwa nchi nzima, ng'ombe dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, mbuzi na kondoo dhidi ya sotoka yao. Nchi ikapiga kelele. Wengine wakadai sindano ile ni ya kupunguza ushuzi wa ng'ombe, na ikabidi wakubwa wa serikali wasimame mbele ya kamera kukanusha habari za ushuzi. Hata kwa uvumi, Mheshimiwa, mifugo imenishinda. Chanjo yao imepata wazushi wa kitaifa. Yangu haijapata mzushi hata mmoja, maana hakuna anayeweza kuzusha juu ya kitu ambacho hajasikia kwamba kipo.

Nikueleze ugonjwa wangu kwa lugha ya Simba, kwa kuwa nimeona ndiyo lugha inayoeleweka ofisini. Kila mtu ana mbwa wake wa ndani anayelinda boma la mwili. Wangu alianza kumng'ata mwenye boma nilipokuwa bado kazini: akaanza na vidole, akahamia viwiko, akashuka magotini. Wa dadangu, aliyeolewa ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kibwezi, anang'ata ngozi na figo. Hiyo wanaiita lupasi. Wapo wanaong'atwa utumbo, na wapo wanaong'atwa uti wa mgongo wakaambiwa ni mizigo ya maji. Dawa zetu ni mnyororo. Mimi nafungwa kila Ijumaa jioni kwa tembe ndogo za manjano, methotreksati, zinazomezwa mara moja kwa wiki wala si kila siku (mwambie anayeandika bahasha za dawa akazie wino hapo, watu wameumia). Zikizidiwa naongezewa prednisoloni, inayonipa uso wa mwezi mpevu na njaa ya mtu wa mjengo. Mnyororo unafanya kazi; ushahidi ni barua hii. Ila mbwa aliyefungwa hamkimbizi mwizi, na wezi wanalijua boma lenye mbwa aliyefungwa: kichomi, mafua makali, mkanda wa jeshi.

Chanjo basi ni kumnusisha mbwa nguo ya mwizi kabla mwizi hajaja. Afadhali anusishwe kabla ya kufungwa, wakati pua bado kali. Akishafungwa atanusa pia, japo si kama awali. Wala sijayatunga haya. EULAR, shirika la Ulaya la wataalamu wa magonjwa ya viungo, lilipendekeza mwaka 2019 kwamba mgonjwa kama mimi akaguliwe chanjo zake kila mwaka na timu ile ile inayomtibu, na kwamba wengi wetu tufikiriwe kwanza kwa chanjo ya mafua na ya kichomi. Wataalamu wenzao wa Marekani, katika mwongozo wao wa 2022, wameingia hata jikoni: baada ya sindano ya mafua, kama ugonjwa umetulia, methotreksati iachwe kwa wiki mbili ili mbwa apate nafasi ya kunusa. Angalia neno lile la EULAR, Mheshimiwa: kila mwaka. Ndilo alilosema yule kijana wa ovaroli.

Zipo chanjo zilizotengenezwa kwa kijidudu hai kilichodhoofishwa, kama ya surua na ya homa ya manjano, na hizo kwa aliye kwenye mnyororo huenda zikamdhuru. Sindano ya mafua na ile ya kichomi si za kabila hilo. Somo zima ni la ubao mmoja na kipande cha chaki. Kwa kuwa halijaandikwa ubaoni, kila mtu anaogopa kila sindano: mgonjwa anahofia viungo vitawaka, muuguzi anahofia kulaumiwa, na daktari amekaa akiamini muuguzi alishauliza.

Na usije ukaniambia sisi watu wa huku hatuzitaki chanjo. Mwaka 2013 nilikuwa bado naandika ubaoni, Kitui ilipoteuliwa kujaribia chanjo ya HPV, ile inayokinga saratani ya mlango wa kizazi. Nchi nzima ilikuja kuipata Oktoba 2019; wasichana wetu walitangulia kwa miaka sita. Wauguzi walikuja shuleni na visanduku vya barafu begani, tukawapanga watoto kwa mstari, mmoja akazimia kabla ya kuguswa, wakamaliza, wakaondoka, wakarudi na dozi iliyofuata. Hakuna aliyesema tungoje watoto wajitambue, wapande matatu, waende wakaombe. Mwaka uliofuata maaskofu wa Kikatoliki walipoikataa kampeni ya pepopunda, serikali ilibishana nao magazetini na kampeni ikaendelea. Kwa hiyo mnajua kutafuta, na mkitaka mnajua hata kubishana na askofu.

Hata mimi mliwahi kunitafuta. Machi 2021 shehena ya kwanza ya chanjo ya Korona ilipotua Nairobi, dozi zaidi ya milioni moja, walimu tuliwekwa mbele pamoja na wahudumu wa afya na polisi. Nilikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Nikakunja mkono wa blauzi nikadungwa, nikatoka nikijiona mtu wa maana. Nyumbani ndipo nikafikiria: wamenichanja kwa sababu ya chaki. Ningekuwa mkulima wa ndengu mwenye viungo hivi hivi na tembe hizi hizi za manjano, ningesimama nyuma ya koplo wa miaka 25 anayepiga pushapu.

Sasa kuhusu friji. Mjukuu wangu wa mwisho alipozaliwa nilimpeleka zahanati mimi mwenyewe, mama yake akiwa kazini. Chanjo ya kichomi iliingia katika ratiba ya watoto wa Kenya mwaka 2011, kati ya nchi za mwanzo Afrika, na mnyonge mnyongeni haki yake mpeni: hapo mlifanya kazi. Mtoto hupata wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Nesi alipoifungua friji nikaona vichupa vimepangwa kama mayai. Nikamwuliza, "Na mimi?" Akacheka kwa heshima. "Susu, wewe umepita umri." Nikauliza nimepita kwa wiki ngapi. Akadhani natania, lakini nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu: kasoro ya kutofika mapema ni wiki 3,300 hivi. Nakiri kosa. Mwaka 1961 nilipozaliwa sikupewa taarifa.

Kinachoniuma ni kwamba sisi ndio rahisi kupatikana kuliko viumbe wote wa kaunti hizi mbili. Mbwa huzurura. Mbuzi wapo malishoni huko Ikutha, na mwenye nao hataki kuhesabiwa. Wasichana wa miaka kumi wametawanyika shule saba tofauti katika kata moja. Sisi tunajileta. Tarehe yetu imeandikwa na nyinyi wenyewe. Tunafika alfajiri, tunachukua namba, tunakaa kwenye benchi saa tatu, saa nne, mikono mapajani, hatuna pa kukimbilia wala magoti ya kukimbilia. Hata ungetaka kutufukuza ungetukuta pale pale. Na hatua chache kutoka benchi hilo ndipo ilipo friji.

Kliniki ninakokwenda, ambayo sitaitaja kwa sababu nesi wake ni mtu mzuri na chai yake pia, mgonjwa huja na daftari lake mwenyewe, lile la shule. Nimejaza mengi. Mwezi uliopita niliyatoa yote nikayasahihisha kwa kalamu nyekundu, mazoea hayana dawa. Presha imeandikwa kila ukurasa. Uzito kila ukurasa, kana kwamba nauzwa. Damu, ini, dawa, tarehe ya kurudi. Neno "chanjo" limo mara moja tu. Nilipoliona moyo uliruka. Nikasoma sentensi yote: mbwa wa jirani alikuwa amening'ata kwenye muundi, nikaanzishiwa chanjo ya kichaa.

Kumbe ndiyo njia, Mheshimiwa. Sindano humfikia mgonjwa wa baridi yabisi kupitia meno ya mbwa.

Dadangu hakubahatika kung'atwa. Upande wake wa mto waliwahi kuwa na neema ambayo sisi wa Kitui tuliitazama kwa kijicho: mwaka 2016, enzi za Gavana Kivutha Kibwana, familia ya Makueni ililipa shilingi 500 kwa mwaka ikatibiwa bila malipo mengine katika hospitali za kaunti. Watu walitoka mbali kuja hadi mji wa Wote, makao makuu ya Makueni, kuuliza walifanyaje. Lakini kaunti haiwezi kukupa kisichokuwa kwenye sahani ya taifa. Chanjo hununuliwa na serikali kuu, na serikali kuu ilikuwa imemnunulia mtoto. Mwaka juzi kichomi kilimpata. Akalazwa, hospitali ambayo pia sitaitaja, akiwa na bomba la oksijeni puani na mumewe akiuza kimoja baada ya kingine kilichokuwa na miguu minne. Nilipanda gari la Kibwezi kwa ile barabara ya lami inayopita Mutomo, nikakaa naye. Siku ya kuruhusiwa alipewa karatasi nzuri, imepigwa chapa: endelea na dawa, kula vizuri, epuka jua, rudi baada ya wiki mbili. Nikaigeuza nyuma nione kama kuna la chanjo. Palikuwa na nembo.

Tulipokwisha kufika kwake nyumbani, alipita mhamasishaji wa afya ya jamii, mmoja wa wale zaidi ya laki moja ambao Rais aliwakabidhi mikoba Septemba 2023. Mwanamke hodari. Alimpima dadangu presha, akampima sukari, akauliza choo, akauliza chandarua, akaingiza yote kwenye simu. Nikamwuliza simu yake ina mahali pa kuuliza kama mtu anayemeza dawa za kushusha kinga amechanjwa. Akapekua, akapekua tena. "Ina mahali pa watoto chini ya miaka mitano," akasema, akiniangalia kwa huruma, na mimi nikaona anajaribu kukadiria umri wangu.

Nitajibiwa kwamba fedha hakuna. Nalijua hilo jibu, nimelisikia likitolewa kwa Kiswahili sanifu. Najua katikati ya 2025 hata chanjo ya kifua kikuu ya vichanga na ya polio ziliadimika, kina mama wakawa wanarudishwa nyumbani na watoto mgongoni. Najua pia Gavi, muungano wa kimataifa unaofadhili chanjo, unatarajiwa kutuachia mzigo wote ifikapo 2029. Kama kichupa ni kimoja, mpe mtoto. Mimi ni nyanya, sitagombania sindano na kichanga. Ila sheria ya 2023 iliyotuletea SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, imeweka pia hazina maalumu ya dharura na maradhi sugu na mahututi. Maana yake nikipigwa na kichomi nikafikishwa chumba cha mahututi, ipo hazina imenisubiri huko. Mtanifadhili kufa kwa gharama kubwa. Kichupa kimoja cha kunizuia nisifike huko ndicho kimekosa mwenyewe.

Nilipiga simu hospitali moja ya binafsi Nairobi. Chanjo ya kichomi ya mtu mzima wanayo, hata kesho. Bei niliyotajiwa ni ya mbuzi wa kadiri. Nimewaangalia mbuzi wangu. Ili nichanjwe, itabidi niuze mmoja, na mnunuzi wa siku hizi huuliza kwanza: "Amechanjwa?"

Sasa, ikiwa ombi la kuwa mbwa litaonekana kuwa zito, maana najua wizara yako haina mamlaka juu ya mbwa na itabidi faili livuke barabara hadi kwa wenzako wa mifugo, nitaridhika na kidogo. Mwambie anayechapisha kadi za kliniki aongeze mstari mmoja: chanjo, lini. Mwambie daktari anayeandika methotreksati kwa mara ya kwanza aulize hilo kabla kalamu haijafika kwenye sahihi, mbwa angali hajafungwa. Mruhusu nesi wa benchini adunge bila kumngoja bingwa wa viungo ashuke kutoka Nairobi, maana mabingwa hao ni wachache kuliko mvua za Kyuso. Na vichupa vichache vya watu wazima vikae kwenye friji ile ile, pembeni, visiwasumbue watoto. Hata kama ni vya kulipia nusu. Hata kama mwaka wa kwanza ni kwa walio kwenye dawa kali peke yao. Tuwekee asilimia, iwe ndogo upendavyo, mradi awepo mtu wa kuulizwa.

Nimesikia siku ya mbwa inakaribia tena sokoni. Nitampeleka Simba kama kawaida, na cheti chake kwenye mfuko wa nailoni kisilowe. Safari hii nami nitakuja nimeshakunja mkono wa blauzi, nitajipanga nyuma yake, na kamba nitaishika kwa namna ambayo kijana wa ovaroli hatajua vizuri nani amemleta nani.

Wako mtiifu,

Mwalimu mstaafu,
Kitui Kusini.

(Nimetia sahihi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeshafunga ofisi.)